Panzi Wengi, Kunguru Mmoja

Jina lake halisi limo kwenye leseni, na huko ndiko lilikobaki. Mji mzima unamwita Breki. Ni mwalimu wa udereva, na katika miaka yote aliyokaa kiti cha abiria akiwafundisha watu kurudi nyuma bila kubomoa ukuta wa mtu, hakuna neno alilolitamka mara nyingi kuliko hilo. Amelisema kwa upole, amelisema kwa ukali, na mara moja alilisema harusini, bwana harusi alipokuwa anaiendea keki kwa kasi isiyoeleweka.

Mumewe ana duka la dawa. Ni mtu mpole, mwenye sauti ya kukwambia "kutwa mara tatu" ukajisikia nafuu kabla hujafungua chupa. Lakini kila Jumamosi mtu huyo mpole alikuwa anavaa koti jekundu lenye vifungo vya shaba, anachukua bunduki ya mbao, anaenda kufa.

Maana mji una chama. Zamani sana, kabla ya babu wa babu wa yeyote aliye hai leo, majeshi mawili yalipigania daraja hapo mjini. Nani alishinda, hakuna ajuaye. Daraja lenyewe liliungua, na mto umebaki mfereji ambao mbuzi anauvuka bila kujisumbua kuruka. Lakini historia ni historia, na wastaafu wana muda. Basi kikaundwa chama cha kuigiza vita hivyo kwenye uwanja ulio nyuma ya tanuri la zamani la matofali, kwa mavazi na silaha za enzi zile, ili vijana wajue walikotoka. Vijana hawakuulizwa kama wana haraka ya kujua.

Kila mwanachama alitakiwa achague mtu wa enzi hizo awe yeye: asili yake, cheo chake, mavazi yake. Utafiti wa kina ukafanywa, na utafiti ukagundua jambo la ajabu: katika vita vile, karibu kila mtu alikuwa jemadari. Waliobaki, wengi wao walikuwa wana wa wafalme. Alikuwapo binti mfalme aliyejigeuza mwanamume apate kupigana, kisha akatokea wa pili, kisha wa tatu, mpaka ikabidi wajigeuze kwa zamu. Askari wa kawaida alikuwa mmoja tu, mwalimu wa hesabu, ambaye pia ndiye katibu wa chama. Na hata yeye alikubali ukawaida kwa sababu ni mfupi, na kofia ya uafisa ilimfika puani. Jeshi la adui halikupata mtu kabisa. Likawa linaundwa na waliochelewa kufika.

Mkuu wa hao wote alikuwa mwenyekiti, meneja mstaafu wa benki, aliyejichagulia cheo cha Jemadari Mkuu akakivaa hata siku za kazi. Ukimwita "mzee" sokoni, hageuki. Ukimwita "Jemadari", anageuka, anashika kiuno, ndipo anauliza bei ya vitunguu.

Kwa miaka mingi kazi ya Breki katika historia ilikuwa kufua. Kila Jumapili asubuhi aliloweka suruali nyeupe ya mumewe, ambaye vitani alikuwa kapteni, ndani ya beseni, akasugua madoa ya majani magotini, akasugua tena. Siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Baba watoto, huku kufa kwako kunanichosha. Jumamosi ijayo naenda na mimi, nikaone unafaje mpaka unachafuka hivi."

Mumewe alifurahi. Maskini, hakujua.

Breki akaenda, akakaa kwenye rundo la matofali, akatazama. Akaona moshi ukitoka kwenye mikebe. Akasikia makelele. Akaona mashujaa wakianguka kwa uangalifu mkubwa, kila mmoja akichagua kwanza sehemu isiyo na mavi ya mbuzi. Kisha katibu akapuliza filimbi, maiti wakainuka, wakajikung'uta, wakaenda kunywa chai.

"Basi?" aliuliza wakiwa garini wanarudi.

"Basi nini?"

"Wale waliokufa. Baada ya pale anakuja nani?"

"Aje nani tena, mke wangu? Vita vimekwisha."

Breki akanyamaza. Na Breki akinyamaza ndani ya gari, mwenye akili hufunga mkanda.

Kamati ya kupokea wanachama ilikutana chumba cha juu cha duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya mabomba ya plastiki na makopo ya rangi, kwa hisani ya mwenye duka ambaye alikuwa mwana wa mfalme. Jemadari alikalia kiti cha ofisi cha magurudumu ambacho gurudumu moja halikuwapo, akaegemea upande, jambo lililompa sura ya mtu anayefikiri sana.

"Karibu, shemeji," alisema. "Tumeshakuwekea nafasi. Kuna binti mfalme mmoja anasafiri, unaweza kumshikia."

"Nashukuru, Jemadari. Mimi nimeshachagua. Ni mvua viatu."

"Mshona viatu."

"Mvua viatu. Vita vikiisha, nyie mkiwa mmelala pale, napita na gunia. Buti navua, blanketi nachukua, vifungo vya shaba nakata."

Chini dukani mtu alikuwa anahesabiwa misumari, na kila msumari ukasikika.

"Yaani unahudumia majeruhi," Jemadari akajaribu kumwokoa.

"Majeruhi anapiga kelele. Mimi nasubiri anyamaze."

Katibu akaweka kalamu chini. "Dada yangu, huko ni kuwadhalilisha mashujaa wetu."

"Kwani hawakufa?"

"Walikufa kishujaa!"

"Haya. Na buti zao zilienda wapi?"

Swali hilo halikuwa limewahi kuulizwa chumbani humo. Walikuwa wamejadili manyoya ya kofia kwa msimu mzima, wakagombana juu ya rangi ya mkanda mpaka watu wawili wakaacha kusalimiana, lakini buti zilipokwenda, hapana.

"Historia," alisema Jemadari kwa uzito, "haizungumzii mambo hayo."

"Historia ilikuwa imelala chali, Jemadari, ingejuaje? Nyie wenyewe mnasema, vita vya panzi, furaha kwa kunguru. Panzi naona mmejaa tele. Kunguru hamna hata mmoja. Vita gani hivyo?"

Wakambembeleza. Wakamwahidi uuguzi. Wakamwambia chama kina upungufu mkubwa wa wajane wanaolia, na kwa sauti yake angesikika mpaka barabarani.

"Mjane ndiye huyo huyo ninayemsema," alijibu Breki. "Akimaliza kulia, anaangalia miguu ya watoto wake."

Kumkataa wakashindwa. Kanuni ilidai tu kwamba mhusika awe mtu aliyeweza kuwapo enzi hizo, na kanuni hiyo hiyo ilikuwa imempitisha nabii mwenye kupaa. Ikawa vigumu kumzuia mama mwenye gunia. Basi hawakumkataa, waliamua kumshauri. Na ushauri, kama mjuavyo, ni kukataliwa kunakokufuata mpaka nyumbani.

Wa kwanza kuja alikuwa mama mkwe, aliyepata habari kwa mke wa Jemadari kabla hata kamati haijashuka ngazi. Aliketi sebuleni na mkoba mapajani, ishara kwamba hakai, akakaa mpaka chakula cha jioni.

"Nimesikia mkwe wangu umekuwa mwizi wa makaburi."

"Si makaburi, mama. Ni kabla ya makaburi."

"Kabla! Yaani hata kuzikwa hamngoji!"

"Ni mchezo tu, mama. Mbona mwanao anaua watu kila Jumamosi na hujawahi kuja na mkoba?"

"Mwanangu ni kapteni," alisema mama mkwe, na shingo ikarefuka. "Anaua kwa utaratibu."

Wakafuata majirani. Hawa hawakusema neno, ni watu wastaarabu. Ila Breki alipokwenda kuazima ngazi nyumba ya pili, aliona mwenye nyumba akitabasamu, akimkaribisha, na wakati huo huo akisukuma kandambili zake chini ya kochi kwa kisigino. Shuleni kwake nako, mwenye shule ya udereva alimwita ofisini, akasimama mbele ya ubao wa kufundishia wenye vigari vya sumaku, akawa anasogeza basi dogo huku na huku.

"Mwalimu, mambo yako ya historia hayanihusu. Lakini kuna mzazi kaniuliza kama ni kweli unaibia maiti. Nikamwambia hiyo ni historia. Akasema, ahaa, kwa hiyo ilikuwa zamani, ameshaacha. Nikasema hapana, ndiyo anaanza." Akaliegesha basi juu ya kivuko cha watembea kwa miguu. "Sasa nikajikuta sielewi nakutetea au nakuchongea."

Na mumewe? Mumewe, kama waume wengi wapole, alikuwa upande wa mkewe kabisa, ila kwa sauti isiyotoka nje ya kinywa. Kwenye mazoezi wenzake walikuwa wanamuuliza kama nyumbani analala na soksi. Alicheka nao. Mtu akichekwa na majemadari zaidi ya kumi, afanye nini?

Jumapili moja, Breki akiwa ameinamia beseni, mume akaja akasimama mlangoni.

"Mke wangu. Ungekuwa binti mfalme ungepungukiwa nini? Mbona hili tu?"

Breki akaendelea kusugua kidogo, kisha akaacha.

"Unajua tulivyokimbia nilipokuwa mdogo."

"Najua mlihama."

"Tulikimbia. Anayehama anabeba sufuria." Akakamua maji mikononi. "Tulifikia kwenye jengo la shule, madarasa matupu, tumelala sakafuni. Wote pekupeku, miguu imepasuka. Siku moja asubuhi mama alichomoa uzi kwenye pindo la gauni lake, akatusimamisha ukutani mmoja mmoja, akatupima nyayo. Kila mguu akaufungia fundo. Halafu akatoka, akaifuata ile barabara tuliyojia, walikoangukia wengi. Akarudi na gunia."

Mume akaingia, akachuchumaa kando ya beseni.

"Vyangu vilikuwa vyeusi, vina kamkanda na bizimu ya pembeni. Nilirukaruka kwa furaha. Nilivivaa mpaka vikaisha."

"Mama alikuwa mama kweli," alisema mume, kwa vile ilibidi aseme kitu.

"Vilinitosha, baba watoto. Hukunisikia? Nilikuwa na miaka saba, na vilinitosha kabisa."

Mfamasia akainamisha macho, akaiangalia miguu ya mkewe.

"Wala sikuwaza," alisema Breki. "Miaka yote ile sikuwaza. Mpaka siku niko dukani nawanunulia wetu viatu vya shule, naviingiza mguuni, naviona vimekaa vizuri, muuzaji ananiuliza 'mama, vipi?' Nikakaa chini pale pale dukani."

Mume alimsogeza mkewe pembeni taratibu, akaichukua suruali yake kutoka kwenye beseni, akaanza kuifua mwenyewe. Aliifua vibaya sana.

Siku kuu ya chama ikafika. Wanafunzi waliletwa kwa mabasi, viti vikapangwa, mgeni rasmi akakalishwa chini ya turubai na kupewa feni ya mkononi. Jemadari alitoa amri asubuhi, mbele ya wote: "Mvua viatu ataingia uwanjani baada ya wageni kuondoka."

"Sawa," alisema Breki, kwa sauti ile ile anayomjibu nayo mwanafunzi anayedai gia anazijua.

Vita vikapiganwa. Mikebe ikatoa moshi, mabinti wa wafalme wakajigeuza, adui aliyechelewa akaja akiwa bado anafunga vifungo. Jemadari alipanda kichuguu chake ili afie mahali panapoonekana. Alipigwa risasi mwanzoni mwa hotuba na kufa mwishoni mwake, katikati akikumbuka mambo mengi. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Ila kwa shujaa huyu mwenye maneno mengi, watoto wa mstari wa nyuma walikuwa wameanza kula vitafunio. Mwisho wote wakalala. Katibu alikufa na filimbi mdomoni, tayari kuwafufua.

Kabla hajapuliza, Breki akatokea nyuma ya tanuri. Alijifunga shuka kuukuu, gunia begani, uzi wenye fundo mkononi. Wageni wakadhani ni mfagizi amekosea muda, wakaanza kumcheka. Hakuwatazama. Alichuchumaa kwa binti mfalme wa kwanza, akaupima uzi kwenye unyayo wa buti, akatikisa kichwa. Akaenda kwa mwana wa mfalme. Akapima, akatikisa kichwa. Akapanda kichuguu.

Buti za Jemadari zilifika magotini na ziling'aa kiasi kwamba mgeni rasmi angeweza kujichania nywele humo. Breki akapima. Akatikisa kichwa, akageuka kuondoka.

"Wewe," alinong'ona Jemadari, macho yamefumbwa. "Kwani zangu zina nini?"

"Kubwa."

"Hii ni ngozi halisi!"

"Marehemu, lala."

Mnong'ono wa mtu aliyezoea kutoa amri husafiri mbali. Mstari wa mbele ukasikia, ukauambia wa pili, na kicheko kikashika uwanja kama moto kwenye majani makavu. Watoto wakapanda juu ya viti. Mgeni rasmi akajifuta macho na tai yake. Jemadari alibaki amelala, mwekundu wa uso, maiti wa kwanza katika historia kukasirika kwamba hajaibiwa.

Breki akashuka, akamfikia katibu. Mwalimu wa hesabu ana miguu midogo, kama ya mtoto aliyekaribia kubalehe. Breki akaunyoosha uzi kwenye unyayo wake. Fundo likafika pale pale.

Hakutikisa kichwa. Akaanza kufungua kamba, polepole. Akavua cha kulia, akavua cha kushoto. Akavibandika nyayo kwa nyayo, akavifuta vumbi kwa pindo la shuka, akavitia guniani. Na hapo akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwona akilifanyia mazoezi: aliiweka miguu ya katibu pamoja, akaivuta suruali chini ifunike vifundo, kama mtu anayemfunika aliyelala.

Kicheko kilikuwa kimeisha bila kukatazwa. Mwanamke mmoja mzee kwenye viti vya pembeni alisimama, mikono kifuani, akabaki amesimama. Katibu alisahau kwamba ana filimbi.

Aliyekuwa amelala baada yake ni kapteni. Breki alipomfikia akakuta kamba za buti zake zimeshafunguliwa. Mfamasia alikuwa ameanguka nazo hivyo. Na alipomshika kisigino, mguu ukalegea wenyewe. Kwa hizi Breki hakupima. Alizichukua tu, akaondoka na gunia lake nyuma ya tanuri, na filimbi ikalia kwa kuchelewa sana.

Jemadari alifika kwenye turubai akiwa na maneno yote ya kumfukuza uanachama, ameyapanga tangu akiwa maiti. Lakini mgeni rasmi alimwahi, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia kwamba hotuba ilikuwa nzuri, ila yule mama, yule mama hatamsahau. Jemadari akameza mate. Ukiwa umekaa benki miaka mingi, unajua upepo unapogeuka.

"Tuliona tuuonyeshe na upande wa jamii," alisema. "Lilikuwa wazo la kamati."

Mama mkwe alikuja tena siku chache baadaye. Mwanawe alikuwa amemweleza habari ya uzi. Aliketi sebuleni, akanywa chai, akasifia mapazia ambayo hajawahi kuyapenda. Mwishowe akauliza, akiangalia dirishani:

"Mama yako, Mungu amrehemu. Alivivua mwenyewe?"

"Sijui, mama. Sikuwahi kumuuliza."

"Afadhali hukumuuliza." Akautoa mkoba mapajani, akauweka sakafuni. Kisha akaongeza, "Na yeye asingekujibu. Mimi nisingekujibu."

Asidhani mtu kwamba alikubali. Mpaka leo, wageni wakimuuliza, husema mkwewe anaigiza muuguzi.

Chama nacho kilikubali kwa namna yake, yaani kwa kuunda vyeo. Msimu uliofuata waliojiandikisha kuwa wavua viatu walikuwa wengi kuliko maiti. Ikabidi paundwe Kikosi cha Wavua Viatu, chenye mkuu, naibu na mshika gunia, wote wenye manyoya kofiani. Mkuu wake ni mke wa Jemadari, yule yule aliyekuwa na haraka ya kupeleka habari. Yupo pia binti mfalme aliyejigeuza mvua viatu. Breki aliombwa awe mshauri wa kikosi. Akasema ushauri ameshaupata wa kumtosha. Anaingia peke yake, bila cheo, baada ya wenye vyeo kumaliza kugombania buti za Jemadari, ambazo sasa zinavuliwa za kwanza kabisa, kwa heshima zote, wakati mwenyewe bado anahutubia.

Kapteni naye ameiandikia kamati akiomba ashushwe awe askari wa kawaida. Hakuna mwanachama aliyewahi kuomba jambo kama hilo tangu chama kianzishwe, na kanuni hazisemi afanyweje. Suala lake bado linajadiliwa.